Pua ya Sukari, Ng'ombe wa Gilgil

Jumatatu, 9 Juni

Siku njema! Siku ya kihistoria! Baada ya maombi ya asubuhi Madam Nyakio, meneja wetu, alitangaza kwamba Dawati la Wanachama linatafuta mkuu. Mkuu huyo atakaa hapa Nakuru, ofisini, dirishani, kwenye kile kiti kinachozunguka. Hatakuwa akienda nyanjani. Nimeyarudia maneno hayo moyoni siku nzima. Hatakuwa akienda nyanjani!

Niandike ukweli, maana shajara haina mdomo. Mimi, Levis Masinde, ni afisa wa nyanjani wa Jirani Bima. Sisi hatutafuti faida. Wanachama ni wafugaji, shirika ni lao, na kinachobaki mwisho wa mwaka kinarudi kwao. Tunawakatia ng'ombe bima. Na mimi naogopa ng'ombe.

Si woga mdogo. Nikimwona ng'ombe, macho yangu yanatafuta ua wa kupanda. Babu alitoka Bungoma kuja kufanya kazi ya reli, baba akazaliwa kwenye nyumba za reli, nami vilevile. Maziwa ya kwetu yalitoka kwenye pakiti. Nilipoulizwa kwenye mahojiano kama nimekua karibu na ng'ombe, nilisema ndiyo. Sebuleni tulikuwa na kalenda yenye picha ya ng'ombe. Nilikaa karibu nayo miaka mingi.

Sharti la kiti: atakayesajili ng'ombe wengi kufikia Ijumaa ndiye mkuu. Na kusajili kwetu ni pua. Pua ya ng'ombe ni kama kidole cha mtu, hakuna mbili zinazofanana. Afisa anasimama mbele ya mnyama, uso kwa uso, anapiga picha ya pua kwa simu. Ng'ombe akifa, pua inapigwa picha tena. Zikilingana, mwanachama analipwa fidia. Zisipolingana, anapewa pole.

Mpinzani wangu ni Chelangat. Nadhani alizaliwa zizini. Ng'ombe wakimwona wanamlamba. Kwenye chai ya saa nne alichukua andazi la mwisho, akauliza mbele ya watu kama bado napiga picha nikiwa nimepanda ua.  Nilikoroga chai kama mtu mwenye mpango. Mpango bado sina.

Jumanne, 10 Juni

Gilgil. Chelangat ametumwa Longonot, akaondoka akiimba.

Boma la kwanza, Mzee Kemboi. Fahali! Mzee akaniambia nisijali boss, huyu ni mtoto tu. Mtoto ana shingo nene kuliko mlango wa nyumba yangu. Nikasogea. Nikahesabu moja, mbili, na nilipofungua mdomo kusema tatu fahali akapiga chafya. Sitaandika zaidi.

Boma la pili ng'ombe alikula kofia ya shirika. Boma la tatu nilimaliza ziara juu ya tangi la maji. Wajukuu wa mwenye boma waliniletea chai hukohuko juu. Watoto wana heshima, lakini walicheka.

Halafu alasiri nikafika kwa Winrose, mama anayeuza maziwa karibu na kambi ya jeshi. Ng'ombe wake anaitwa Sukari. Ni mzee, hana pembe, ana jicho moja, analala akiwa amesimama. Wanajeshi wanapofanya mazoezi ya risasi yeye hata sikio hatikisi. Nilisogea. Hakuna kitu. Nikasogea tena. Nikapiga picha. Pua yote, matundu yote mawili, safi!

Ndipo wazo likaja. Pua ni pua. Nyeusi, ina unyevu, ina matundu. Nani mwenye muda wa kuchungulia?

Nilimpiga Sukari picha kutoka kushoto. Kutoka kulia. Pua ikiwa imelowa. Pua ikiwa imefutwa. Pua ikiwa na unga wa mahindi. Winrose aliniuliza picha zote hizo za nini, nikamwambia ng'ombe wake ana sura ya kalenda. Akafurahi sana, akaenda kuleta brashi akamchana.

Kisha nikakaa chini ya kivuli nikazigawa. Hii ya Mzee Kemboi. Hii ya Mzee Bethwel wa Olenguruone. Hii ya Mama Cherop, pia wa Olenguruone, ambako sijakanyaga mwaka huu. Wote walishalipia bima, walikuwa wakinisubiri nije. Sasa nimekuja, kwa namna yangu. Akili ni mali!

Jumatano, 11 Juni

Nimepigiwa makofi ofisini! Madam Nyakio alisema hajawahi kuona bidii kama hii. Chelangat aliniuliza nilimwezaje fahali wa Mzee Bethwel, ambaye alimkimbiza pasta hadi ndani ya choo. Nikamjibu kwamba ni upole tu, dada. Mnyama anajua moyo wa mtu.

Aliangalia viatu vyangu visivyo na tope. Wivu ni ugonjwa mbaya.

Nimefikiria kila upande. Mtambo wa kulinganisha pua hauwashwi bila Kibii, fundi wetu wa kompyuta, na Kibii yuko likizoni hadi Ijumaa. Ijumaa Madam atatangaza mkuu asubuhi na mapema, na Kibii hajawahi kufika kazini mapema tangu aajiriwe. Nikishakalia kiti, mwenye malalamiko ya pua atayapeleka kwa nani? Kwa Mkuu wa Dawati. Yaani kwangu. Nitayashughulikia kwa makini sana.

Jioni nimenunua koti. La kijivu, lina bitana. Koti la mtu wa dirishani.

Alhamisi, 12 Juni

Ole wangu! Ole wangu mimi!

Simu ililia nikiwa nimevaa koti. Mama Cherop. Ng'ombe wake Tumaini alizaa usiku, na asubuhi wamemkuta amelala chini, masikio baridi, shingo imepinda ubavuni, haamki. Mama alikuwa analia. Maziwa ya Tumaini ndiyo yanamsomesha binti yake Mitchelle chuo cha uuguzi. Hakuna kingine pale. Halafu akasema kwa sauti ndogo kwamba afadhali alimkatia bima, mwanangu, Mungu ni mwema.

Nilihisi baridi kuliko masikio ya Tumaini. Ng'ombe huyo akifa, pua yake italinganishwa na pua ya Sukari wa Gilgil. Mama Cherop atapewa pole. Niliona aibu. Naandika hivyohivyo: niliona aibu, na pia niliona kiti kikiondoka na mtu mwingine.

Sheria yetu ni kwamba mnyama wa mwanachama akiugua, mmoja wetu lazima aende. Chelangat alikuwa tayari ameshika gambuti zake za mpira. Niliruka meza! Nikasema nitaenda mimi!  Nikamnyang'anya gambuti, nikavaa, zikanibana hadi machozi, nikaondoka na gari la shirika.

Molo nilimchukua daktari wa mifugo, Kipngetich, nikamharakisha mpaka akaniuliza kama ng'ombe ni wa kwangu. Nikasema ni zaidi ya wangu.

Zizini alimgusa Tumaini mara moja tu akasema homa ya maziwa. Akamtundikia chupa ya dawa. Akasema mtu akae amshike kichwa kiwe juu asijisonge, na afunikwe apate joto. Watu wote wakanitazama, kwa sababu tangu nifike mimi ndiye nilikuwa napiga kelele kuamuru.

Basi nikakaa. Kwenye matope. Kichwa cha ng'ombe mapajani. Kichwa kizito, kina kope ndefu, kinanipumulia tumboni. Nikavua koti la kijivu nikamfunika. Nikamwambia Tumaini, tafadhali, usinifanyie hivi. Nikamwambia Mitchelle hajamaliza chuo. Nikamwambia kuhusu kiti. Nikalia. Majirani wakajaa, mtu akaanzisha wimbo wa kanisa, na Mzee Bethwel akavua kofia, akawaambia wenzake kwamba amekuwa mwanachama miaka yote lakini hajaona mtu wa bima anayemlilia ng'ombe.

Hawakujua nalia nini. Kufikia alasiri hata mimi sikuwa na uhakika.

Jua likielekea kuzama Tumaini akabeua. Akatetemeka. Akasimama! Akasimama huku mimi nimemshika shingo, tukasimama wote. Kisha akanilamba kutoka kidevuni hadi nyweleni. Sikukimbia. Gambuti zilikuwa zimenasa kwenye matope.

Ndama wake alikuwa pale pembeni anatutazama. Dume, ana doa jeupe kwenye paji.

Nilimpiga Tumaini picha ya pua, pua ya kweli. Simu ikakataa. Ikasema ng'ombe wa Mama Cherop tayari ana pua, na wa kubadilisha ni Kibii peke yake.

Ijumaa, 13 Juni

Kibii amefika mapema. Miaka yote anachelewa, leo kafika mapema! Alisema likizo imembadilisha.

Akawasha mtambo. Matokeo yakatokea kwenye ule ukuta mweupe, mbele ya wafanyakazi wote, pua moja baada ya nyingine. Mtambo ulisema ng'ombe mmoja mzee wa Gilgil anafugwa na nusu ya wanachama wetu, kuanzia Gilgil hadi Olenguruone.

Madam Nyakio hakupaza sauti. Angepaza ningefurahi. Aliniomba nieleze. Nikasema labda ni ndugu. Chelangat alitoka nje kucheka, na tulimsikia hadi alipofika getini.

Madam alikuwa ameshafungua mdomo kunifuta kazi. Hapo mlango ukafunguliwa. Mama Cherop, na kibuyu cha mursik, yale maziwa ya mgando. Nyuma yake Mzee Bethwel, ambaye kumbe yumo kwenye kamati ya wanachama. Wamekuja kushukuru! Mzee akaanza hotuba. Alikuwa amefika mahali pa koti Madam alipomkatiza, akawaeleza yote bila kupunguza.

Mama akaweka kibuyu chini. Mama Cherop akauliza, Tumaini angekufa, yeye angepata nini? Madam akasema pole. Mama akanigeukia.

"Kwa hiyo hayo ndiyo ulikuwa unalilia, Levis."

Nikasema ndiyo, Mama. Sijui kwa nini nilisema ukweli. Nadhani ni uchovu.

Akafikiri. Akasema mtu aliyekaa matopeni siku nzima ana deni na ana faida, na yeye hataki afukuzwe, anataka arekebishe. Aje Olenguruone. Akae kwake. Apige kila pua upya, mwenye ng'ombe akiwa amesimama pale anaona. Na alfajiri amkamue Tumaini, maana Tumaini tangu jana anatazama barabara. Mzee Bethwel akasema kamati imekubali. Madam akasema shirika ni lao.

Nikapewa mursik. Nikanywa yote, nikitumaini itaniua.

Kiti amepata Chelangat. Nilidhani atacheza. Alikikalia, akazunguka mara moja, akaangalia nje kama mtu aliyefiwa. Baadaye aliniambia hakukitaka kamwe. Alishindana ili tu nisikipate mimi. Alichokuwa anaomba kwa Mungu ni kazi ya Olenguruone.

Jumatatu, 23 Juni

Olenguruone. Baridi ya kukata masikio. Namkamua Tumaini kila alfajiri. Vidole vimevimba. Ananifuata hadi mlango wa choo na kunisubiri. Watu wananiita Daktari.

Habari kubwa! Chelangat amepiga simu. Pale dirishani anachomwa na jua, na mwanachama mmoja alilalamika kwa simu tangu asubuhi hadi chai. Anataka tubadilishane! Amemwomba Madam, na Madam amekubali, kwa sharti moja: kwanza nimalize pua zote, za kweli. Kiti changu! Bado kinazunguka!

Leo nimepiga pua mbili. Ya tatu ilikuwa ya fahali wa Mzee Bethwel. Alinitazama, nikamtazama, tukakubaliana kuahirisha. Kwa mwendo huu nitamaliza Krismasi, tena sijasema Krismasi ya mwaka gani.

Nimejifunza lakini. Nakiri kosa langu. Kosa langu lilikuwa Sukari. Ng'ombe mzee, pua yake ilishakomaa, haibadiliki tena. Kibii angeshindwaje kumtambua? Lilikuwa kosa la kitaalamu.

Jioni Mama Cherop alinipeleka kumwona ndama wa Tumaini. Amempa jina. Amemwita Levis, kwa sababu anapenda kunywa maziwa lakini hana kazi. Nilishukuru. Ni heshima.

Nikabaki naye peke yangu kidogo. Levis hapigi teke. Hapigi chafya. Nilimshika kidevu akatulia, akafumba macho. Ana pua ndogo, safi, ya waridi. Na hapo nikaona kitu ambacho Kibii na mtambo wake hawajakiona. Huyu ni mtoto. Anakua! Wiki ijayo pua itakuwa kubwa kidogo. Wiki inayofuata kubwa zaidi. Kila wiki pua mpya, kutoka kwa ng'ombe mmoja mpole!

Wenye ng'ombe watakuwa wamesimama pale, ndiyo. Nitawaomba wafumbe macho tuombe kwanza. Hapa hakuna atakayekataa.

Simu iko kwenye chaji. Levis amelala. Kesho tunaanza na pua ya fahali wa Mzee Bethwel.