Turudishieni Foleni ya Alhamisi

Kwa Mheshimiwa Daktari Mkuu Ergashev,
Kliniki ya Mtaa wa Miforosadi, Margilan.

Mheshimiwa Daktari,

Salamu kutoka nyumba yenye lango la buluu, nyuma ya kiwanda cha hariri. Mimi ni Oydin Rasulova, mpishi mstaafu wa shule ya chekechea. Watoto wako wote wawili wamekula uji wangu. Barua hii naitamka kwa mdomo na mwanangu Hamdam anaichapa kwenye simu, maana siku hizi hata malalamiko dhidi ya simu lazima yapite kwenye simu.

Tangu baridi ianze mmeagiza kila mgonjwa achukue miadi mtandaoni. Sipingi maendeleo. Ila mgonjwa haulizwi uji, nanyi mnamuuliza neno la siri. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mmeniharibia ugonjwa. Zamani nilifika alfajiri nikauliza, "Nani wa mwisho?" Mtu akainua mkono, nikaukariri uso wake, nami nikawa wa mwisho mpaka aje mwingine. Foleni nzima tuliibeba vichwani na haikupotea hata siku moja. Hadi zamu yangu ifike nilikuwa nimeshagombana na jirani yetu Qodir, yule wa "naingia kuuliza swali moja tu", na presha yangu iko juu, ya kuheshimika. Sasa naingia nimetulia, na daktari wenu kijana ananiambia, "Mama, wewe mzima, nenda zako nyumbani." Sijawahi kutukanwa hivyo.

2. Habari za mtaa zimekatika. Nani kafiwa, nani kahamia Toshkent, sambusa za nani ni vitunguu vitupu, yote niliyapata kwenye lile benchi la kijani mlangoni kwenu. Juzi nimepeleka pole kwenye nyumba yenye sherehe.

3. Hili ndilo linaloniuma hasa. Hamdam ana miaka thelathini na mmoja na hana mke. Ni kijana mwema, ila mzito kama gunia la unga lililonyeshewa. (Alikataa kuandika hivyo, nimesimama nyuma yake mpaka ameandika.) Sasa, Daktari, mchumba hapimwi mezani, maana mezani kila binti humimina chai kwa adabu. Mchumba hupimwa kwenye foleni. Miti ilipoanza kupukutisha majani nilimwona Robiya, mfumaji wa hariri, aliyekuwa akimleta bibi yake kila Alhamisi. Qodir alipokuja na swali lake moja, binti yule akamwambia, "Karibu baba, kaa hapa nyuma yetu. Tutalifikiria wote hilo swali mpaka zamu yako ifike." Benchi zima likacheka, na Qodir akakaa! Nikasema moyoni, huyu ndiye. Nilikuwa nimebakiza kupeleka washenga na mikate ya posa tu, mfumo wenu ukaingia. Sasa wao wanapangiwa asubuhi, mimi mchana. Nikimwambia Hamdam anitafutie saa ileile yao, ananijibu, "Mama, mfumo umekataa." Mfumo huo una kinyongo gani na mimi? Naogopa nitakufa sijampakata mjukuu, na hilo si mzaha.

4. Bila foleni hakuna posa, bila posa hakuna harusi, na bila harusi daktari wenu wa watoto atafuga kuku. Mnajipalia makaa wenyewe.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu Alhamisi irudi kama ilivyokuwa. Ikishindikana, mfumo nao ufundishwe kuuliza "Nani wa mwisho?" na uwacheleweshe watu kiasi cha kutosha kujuana.

Nisalimie mkeo, wauguzi wote, mlinzi wa lango, na hata yule daktari kijana, japo alininyima kidonge.

Mimi mgonjwa wako, mkitaka msitake,
Oydin Rasulova

Nyongeza: Daktari, tafadhali usiguse kitu kwenye mfumo. Haya nayachapa mwenyewe kwa kidole kimoja. Hamdam alipomaliza jina langu aliweka simu chini, masikio yamemwiva, akasema, "Mama, mfumo haujakataa. Ni mimi." Kumbe ndiye anayechukua miadi yangu na ya bibi yake Robiya pia, na anatutenganisha makusudi. Kila Alhamisi asubuhi akiniaga anakwenda kununua mkate, yuko kwenye benchi la kijani na Robiya, bibi akiwa ndani kwa daktari. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. "Ungefika pale, Mama, ungempima mpaka akimbie." Nimemchapa kofi la mgongo, kisha nikalia kwa furaha. Washenga wanakwenda Jumapili. Bibi anajua tangu zamani. Wauguzi wako wanajua. Qodir ndiye aliyekuwa akiwashikia nafasi kwenye benchi. Mtaa mzima, wa mwisho nilikuwa mimi.