Kuhusu Lango Linalopimwa Katikati ya Kazi

Bi. Ofelia Bentancor,
Mwenyekiti wa Kamati ya Wakazi,
Montevideo.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, ukinywa chai yako ya majani ya mate kwa utulivu ambao mimi nimenyang'anywa. Nalalamikia saketi mpya ya mota ya lango la gereji.

1. Lango la zamani halikuwa na maswali. Liliikunja baiskeli ya jirani yangu Washington wa ghorofa ya tatu, likajifunga. Hili la sasa liligusa koti langu tu, likasimama, likarudi nyuma, mtaa mzima ukitazama. Washington akaniambia, "Mzee Rubén, limekuogopa au limekuhurumia?"

2. Nilimuuliza fundi Yamandú. Akanieleza kwamba umeme huenda kwenye mota kwa mapigo ya haraka. Saketi ya zamani ilipima mkondo kati ya pigo na pigo, wakati ambapo hakuna kinachopita, hivyo siku zote ilidhani mota haina shida. Hii mpya hupima katikati ya pigo, mota ikiwa inasukuma, na ikiona mota inalemewa hulirudisha lango. Mheshimiwa, huko ni kukosa adabu. Mtu mzima huulizwa hali akiwa ameketi. Mke wangu Nélida huniuliza nikiwa kitini, nami humjibu "sijambo", na tumeishi vizuri.

3. Ubaya huu unaenea. Nélida aliyasikia maelezo hayo akayapeleka kwa daktari wetu, ambaye miaka yote amenipima moyo nikiwa nimekaa. Sasa anataka kunipima nikipanda ngazi. Leo ngazi, kesho nitafungwa nyaya nikibeba mtungi wa gesi, nikicheza na wajukuu, nikibishana na Washington. Kwa vipimo vya namna hiyo, nani atabaki mzima nchi hii?

Kwa hiyo naomba kwa heshima saketi irudishwe kupima wakati wa mapumziko, angalau mpaka daktari asahau.

Nisalimie kamati yote, mama yako mzazi, na hata Washington.

Wako mtiifu, mwenye afya njema,
Rubén Etchegaray,
Ghorofa ya nne.

Baada ya sahihi: Barua imechelewa. Nilipofika katikati ya ngazi daktari alisema, "Simama hapo hapo, usipande tena." Naandika haya nikiwa wodini, mshipa mmoja wa moyo ulikuwa karibu kuziba. Anasema ningepimwa nimekaa, usingeonekana kabisa. Tafadhali saketi isiguswe. Na Yamandú akipata nafasi, aitazame na lifti.