Alhamisi Yapanda Bei

Jumatatu, 22 Septemba 2025. Solingen.

Nimeiona! Jana, gulioni, kwenye meza ya Mama Kattwinkel, kati ya birika lililotoboka na saa isiyo na mishale. Alhamisi. Alhamisi ya babu!

Niandike taratibu. Babu yangu alikuwa mnoaji. Alitengeneza nyembe saba za kukunja, mmoja kwa kila siku ya juma, jina la siku limechorwa mgongoni na chini yake kidege kidogo, alama yake. Mwaka 1947 bibi akaubadilisha ule wa Alhamisi kwa gunia la viazi. Watoto walikuwa na njaa, hakuna anayemlaumu. Lakini tangu hapo babu hakunyoa ndevu siku ya Alhamisi mpaka anaingia kaburini. Baba vilevile. Na mimi, Ewald Pickhardt, dereva mstaafu wa basi la umeme, miaka thelathini na nne nimeendesha kila Alhamisi na kidevu kama brashi ya viatu. Nilipewa barua tatu za onyo. Sikunyoa. Sanduku lina nyembe sita na pengo.

Nikauliza bei kwa sauti ya mtu asiyejali. Euro mia na ishirini. Mia na ishirini! Mwaka tisini na nane wembe kama huo niliupata kwa bei ya soseji mbili na bia. Siku hizi vijana wa ndevu za kupaka mafuta wamegundua wembe wa kukunja, wanajirekodi wakinyoana, na bei inapaa. Nikasema sitini. Mama Kattwinkel alicheka mpaka akashika meza. Nikaondoka polepole ili aniite. Hakuniita.

Nitampa siku mbili. Atalainika.

Jumatano, 24 Septemba

Hakulainika. Nimempelekea keki ya tufaha nyumbani kwake, nzima, ambayo mke wangu Irmtraud alikuwa amemwokea dada yake. Mama Kattwinkel kala vipande vitatu, kashukuru sana, kasema bei sasa ni mia na sitini. Kisa? Daktari Brangs naye kapiga simu kuulizia.

Brangs! Daktari wa meno mstaafu, mwenyekiti wa Chama cha Wapenzi wa Nyembe za Kale. Ukimwita Brangs bila kutanguliza Daktari hageuki. Ana nyembe mia nne. Wa babu yangu anautakia nini? Anataka nikampigie magoti, hilo tu!

Nimezunguka meza ya jikoni asubuhi nzima. Irmtraud kasema nikae, namtia kizunguzungu. Kauliza pia keki yake iko wapi. Nimesema sijui.

Lakini nimepata dawa. Mimi si ndiye katibu wa chama? Bei inapanda kwa sababu tunashindana wenyewe kwa wenyewe. Basi tuzuiane! Nimeandika kanuni mpya, na vifungu vyake: hakuna mwanachama kununua wembe mmoja kwa zaidi ya euro mia, yeye mwenyewe wala kwa kumtuma mtu. Na kifungu cha adhabu, kitamu hicho: atakayevunja, nyembe zake zote zilizo katika kabati la chama zinakuwa mali ya chama. Brangs ameweka humo arobaini, zile bora kabisa. Hathubutu.

Ijumaa, 26 Septemba

Ushindi! Kwenye mkutano wa chama tulikuwa watu kumi na mmoja, mikono kumi na moja ikanyooka. Na wa kwanza kunyoosha, Brangs mwenyewe. Kasema leo ndugu katibu amefanya kazi ya maana. Kaomba jambo moja tu, iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba kanuni inaanza papo hapo na haina msamaha kwa yeyote. Nimeiandika, kwa mwandiko mzuri. Tabasamu lake sikulipenda.

Njiani kurudi nimekumbuka kwamba nyembe sita za babu nazo zimo kabatini, kwa ajili ya maonyesho ya Novemba. Si kitu. Mimi sivunji kanuni.

Jumapili, 28 Septemba

Saa moja asubuhi nipo gulioni, noti ya mia mkononi. Nimemweleza Mama Kattwinkel kwa upole kwamba mambo yamebadilika, chama kimeamua, sasa auze kwa mia au abaki nao.

Kanisikiliza mpaka mwisho. Halafu kauliza kama yeye ni mwanachama. Nikasema hapana. Kauliza kama yule kinyozi wa mjini Köln, aliyempigia jana na kufika mia mbili na arobaini, ni mwanachama. "Basi rudisha hela yako mfukoni, baba," kasema, "upepo usije ukaibeba."

Nilisahau kabisa kwamba duniani kuna watu wasio wanachama.

Na kinyozi mwenyewe ni mpwa wa Brangs! Mama Kattwinkel kanidokeza huku akipanga vijiko. Anakuja Jumamosi na pesa taslimu. Nikageuka, Brangs huyo, meza ya tatu, anakula keki ya waffle. Akaniinulia kofia. Nilitamani kumkaba.

Irmtraud, nilipomsimulia, hakucheka mara moja. Alikwenda kwanza kufunga dirisha, majirani wasisikie.

Alhamisi, 2 Oktoba

Kidevu kinawasha. Siku nne sijakaa kwenye kiti mpaka kikapata joto.

Leo nimeamua, najitoa chamani! Mtu asiye mwanachama hafungwi na kanuni. Nimeandika barua, mistari miwili, nimeitumbukiza mwenyewe kwenye sanduku la barua la Brangs. Saa moja haikupita akapiga simu, sauti imejaa asali. Kaniomba nisome katiba ya chama, ibara ya tisa. Nikasoma. Mwanachama hujitoa kwa barua, mwisho wa mwaka, na barua ifike miezi mitatu kabla. Yaani mwisho tarehe thelathini Septemba. Juzi! Mimi ni mwanachama mpaka Desemba 2026!

Mjinga gani aliandika ibara hii? Mimi. Mwaka 2011, Brangs alipotaka kususa na kuondoka na mashine ya kahawa.

Irmtraud kauliza kwa nini nisinunue kimyakimya, nani atajua. Nikamwambia katibu atajua. Kasema katibu si ni wewe? Ndiyo, nikasema, ndiyo maana! Mimi nikae niandike kumbukumbu za uongo? Kaniangalia vile anavyoangalia maziwa yaliyochacha.

Halafu nikagundua. Irmtraud si mwanachama! Pesa zangu haziwezi kutumika, kifungu cha kutumana kinakataza, na kifungu hicho pia ni changu. Lakini yeye ana zake, alizoweka za kununulia kitanda. Kama angependa wembe kwa hiari yake, bila kutumwa na mtu, nani amzuie? Nikamwambia simtumi. Nimerudia mara sita kwamba simtumi, na kwamba Mama Kattwinkel kesho yupo nyumbani.

Kasema atafikiria.

Ijumaa, 3 Oktoba

Sikukuu ya taifa. Kila kitu kimefungwa, hata nyundo ni marufuku kugonga. Irmtraud kavaa koti, katoka bila kuniaga. Mimi nimekwenda gereji na kurudi mara kumi na nne.

Karudi saa sita. Kaufungua mfuko juu ya meza. Mpini wa pembe, umepasuka kidogo. Jina la siku. Kidege! Babu alikishika hiki kwa mikono yake miwili. Nimelia, sioni haya kuandika, nimelia mpaka miwani ikajaa ukungu.

Nikanyoosha mkono. Irmtraud akauchukua wembe, akautia kwenye mfuko wa aproni.

"Huu wangu," kasema.

Ametoa mia tatu na kumi! Mpwa wa Brangs alikuwa amefika mia tatu. Nikamwambia niko tayari kuununua kwake sasa hivi, kwa euro mia, ndio mwisho wangu. Kauliza kama namwona mwehu, anunue kwa mia tatu na kumi auze kwa mia. Kesho, kasema, ni mia tatu na hamsini. Vitu vinapanda bei, si wewe mwenyewe huimba hivyo kila siku?

Nimeishi na mwanamke huyu miaka thelathini na sita. Sikujua kwamba ni mfanyabiashara.

Baada ya chakula katoa masharti. Chumba cha binti yetu Birte, aliyeolewa zamani, kimejaa nyembe zangu mia mbili na kumi na mbili. Kila dada yake akija kututembelea hulala kwenye kochi, na mgongo wake ni mbovu. Miaka saba! Nikiuza zote na kuweka kitanda, wembe wa Alhamisi ananipa zawadi. Nisipouza, anauuza yeye, kwa kinyozi. Alisema bila kupandisha sauti, na hapo nikajua hatanii.

Nimekimbilia katiba. Zawadi si ununuzi! Hakuna kifungu kinachokataza zawadi!

Jumapili, 5 Oktoba

Nimeziuza zote gulioni. Moyo ulikuwa unaniuma mpaka saa mbili asubuhi, halafu vijana wa ndevu wakafika. Nikawatajia bei ya leo. Wakalipa! Mmoja kanipiga picha na kuniita gwiji. Bei ya leo ni nzuri sana, sijui wanaolalamika wanalalamikia nini.

Brangs kapita akiwa na uso wa ndimu. Nikamsalimia bila Daktari.

Alhamisi, 9 Oktoba

Kitanda kimefika jana. Asubuhi Irmtraud kaniwekea Alhamisi kando ya kikombe cha kahawa, imefungwa utepe. Jana nilikuwa nimezitoa zile sita kabatini, kwa saini mbili. Nimeiweka ya saba kwenye pengo lake. Imeingia bila kusukumwa. Miaka sabini na minane pengo lile lilikuwa wazi, na leo kifuniko kimefungika juu ya nyembe saba.

Kisha nimeinoa kwenye mkanda wa ngozi na nimenyoa. Siku ya Alhamisi! Nilitaka kumpigia simu baba, nikasahau kwamba hayupo. Nimejikata mara moja tu, chini ya sikio. Irmtraud kanipapasa shavu akasema, kumbe huku kuna sura. Hatujacheka pamoja hivyo siku nyingi. Nimemwahidi kutoka moyoni, hakuna wembe mwingine utakaoingia chumba cha Birte.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimelifungua sanduku. Zimo saba. Nimelifunga.

Nimelifungua tena baada ya chai. Saba. Irmtraud kasema nitoke nikatembee kabla hajanifungia nje. Nimetembea mpaka mtoni na kurudi. Hakuna pa kwenda, hakuna wa kubishana naye bei. Nimelifungua.

Jumapili, 12 Oktoba

Dada ya Irmtraud kalala kitandani, kaamka anaimba. Wawili wamekaa na kahawa na keki, wananisifu, kwamba Ewald amebadilika, Ewald amekuwa mtu. Nimeinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Nikasema natoka kidogo kunyoosha miguu.

Miguu ikanifikisha gulioni. Kutazama tu! Mama Kattwinkel kanipungia mkono, kasema kuna kitu alichoniwekea, hata mpwa wa Daktari hajakiona. Kafunua kitambaa. Sanduku la mwaloni, bitana ya mahameli nyekundu, kazi ya fundi mwingine kabisa, nafasi saba. Ndani yake, Jumapili, peke yake, inang'aa.

Alitaka mia na hamsini. Nikamweleza, kifua mbele, kwamba kwa kanuni ya chama sina ruhusa kuvuka mia. Kanitazama, kahema, kasema haya, tisini na tisa. Tisini na tisa! Unaona? Kanuni yangu inafanya kazi!

Limefichwa stoo ya chini, nyuma ya mitungi ya kabeji. Irmtraud sikumwahidi neno kuhusu stoo. Halafu mahitaji yenyewe ni machache.

Zimebaki sita tu.