Siku Zubeida Alipouruka Mtaro

Nyamazeni, enyi wapiga soga wa vibarazani! Wewe unayepima unga, weka kibaba chini. Wewe unayenyoa mteja, ondoa wembe shingoni mwake, maana yatakayosemwa hapa yatakutetemesha mkono. Hizi si habari za majemadari waliobomoa ngome, wala za masultani waliopokonyana visiwa. Ni kubwa kuliko hizo. Ni habari za Zubeida binti Faki, muuza vitambaa wa Ruiru, mwenye sauti ya tarumbeta na nyonga pana kama lango la boma, na jinsi alivyoukabili mtaro.

Mtaro wenyewe ulipita mbele ya safu ya maduka, karibu na stesheni ya reli. Zamani ulikuwa kijifereji cha maji ya kuoshea vyombo, hauna makuu. Lakini ilipokuja ile mvua ya El Nino, iliyomeza madaraja na kulaza malori ubavu nchi nzima, mtaro ulikula kingo zake, ukavimba, ukatanuka, ukajaa tope jeusi lisilojulikana kina, lenye harufu isiyohitaji mkalimani. Hata hivyo wateja waliuruka. Wazee waliuruka wakishika kofia. Mbuzi waliuruka bila kukatiza maongezi yao. Zubeida peke yake hakuuruka, kwani mumewe Ayub, seremala hodari na mpole wa maneno, alimwekea ubao, na juu ya ubao huo alipita asubuhi na jioni kama malkia aingiaye mji alioushinda.

Hadi Jumatatu moja, mapema mwaka wa tisini na nane, ubao ulipokata tamaa.

Ulilia kwanza, krrr, kama mtu aombaye radhi. Kisha ukavunjika katikati, na Zubeida akashuka mtaroni akiwa wima, na heshima zake zote, hadi magotini. Wanaume wa soko walikusanyika, wakamvuta kwa nyimbo kama wavutao lori lililokwama. Na ng'ambo ya pili, upande wa barabara, alisimama Kagwe muuza chipsi, mwembamba kama njiti ya kiberiti, yeye aliyewanenepesha wengine bila yeye mwenyewe kunenepa, mlinzi wa karai lisilozimwa moto.

"Pole sana, Mama Ikhlas!" akapaza sauti, akimwita kwa jina la bintiye wa kwanza. "Lakini aki hiyo mbao imejitahidi. Hiyo miaka yote imebeba na haijaomba hata likizo!"

Soko likacheka. Zubeida alikamua leso yake, akafungua duka, akauza, na alipofika nyumbani ndipo akalia.

"Usilie, mama," akasema Ayub, akasimama na kuweka mkono juu ya msumeno wake. "Naapa mbele ya chombo hiki, kesho nitaleta taruma la reli. Taruma, Zubeida! Hilo hubeba garimoshi!"

Kilio kikakatika.

"Garimoshi?" akauliza Zubeida.

"Nimetoa mfano tu."

"Baba Ikhlas, kiti kikivunjika, wewe wakinenepesha kiti. Kitanda umekiongezea miguu hadi kinafanana na tandu. Sasa ni zamu ya ubao. Utaigongea misumari dunia yote hadi lini? Sitaki taruma. Asilete mtu ubao!"

Tangu siku hiyo ikawa lazima azungukie kwenye kalavati la stesheni, mwendo mrefu wa kupanda na kushuka, naye alitangulia kufika dukani, pumzi zikamfikia baadaye. Na siku moja, akiwa ameegemea robota la khanga akingoja pumzi hizo, alimkumbuka marehemu mama yake, ambaye naye alikuwa mcheshi, naye alipenda chapati zilizolowa samli, naye alitweta hivihivi. Ugonjwa wa sukari ulimchukua kidole, ukachukua mguu, kisha ukamchukua mzima. Kesho yake Zubeida alifunga duka, akaenda zahanati moja ya Thika.

Muuguzi Ngina, mwenye macho makali yasiyodanganywa na buibui, akampandisha kwenye mizani. Sindano ya mizani ikatimka kama mwizi aliyepigiwa kelele.

"Mama, nisikize vizuri," akasema Ngina baada ya kumpima damu. "Sukari haijaingia kwako. Presha iko mlangoni, imeshika kitasa. Hao ni wageni wakiingia hawatoki, wanabadilisha mpaka mapazia. Wafungie nje sasa, kama bado nyumba ni yako."

"Niwafungie kwa dawa gani, mwanangu? Sema, hata iwe chungu nitainywa."

"Hakuna dawa. Sukuma wiki. Nusu ya sahani iwe mboga. Chapati moja, si mnara. Chai usiitie sukari mpaka kijiko kisimame. Soda waachie wenye harusi. Na utembee kila siku hadi utoke jasho."

Zubeida alimtazama kama shujaa aliyeomba upanga akapewa fungu la mchicha.

Lakini vita ni vita, na mtu hupigana kwa silaha aliyopewa. Alirudi Ruiru akaweka mapatano na jirani yake wa duka, Shakuntala, muuza viungo, ambaye magoti yake nayo yalikuwa yameanza kumnung'unikia kila apandapo ngazi. Kila asubuhi, kabla ya kufungua milango, wanawake hao wawili walikutana uani, nyuma ya maduka, na kamba ya mkonge iliyofungiwa robota: Zubeida leso kiunoni, Shakuntala sari ameichomeka juu, miguuni amevaa raba za mwanawe Sanjay. Waliporuka mara ya kwanza, mabati yaliitikia na paka wa pale akahama mtaa.

"Mama Sanjay, leo tunakufa!"

"Tutakufa tukiwa wembamba! Ruka!"

Adui alishambulia kila upande. Mandazi yalikuja asubuhi yakiwa na mvuke. Moshi wa karai la Kagwe ulivuka mtaro bila kuhitaji ubao. Na isifichwe, maana tarihi isiyotaja kushindwa ni uongo: wiki moja ya manyunyu Zubeida alianguka, akaagiza chipsi, akazila nyuma ya marobota akimficha mumewe, na mumewe akajua kwa midomo yake inayong'aa, akanyamaza. Kesho yake akaruka kamba mara mbili zaidi, akiwa na hasira kama aliyeibiwa.

Ndipo ikafika Idd ya kuchinja, na vita vya Majengo, Thika, nyumbani kwa dada yake mkubwa Fatu, mwenye upawa usiokataliwa na kiumbe. Zubeida alikula sahani moja ya biriani, akanawa. Upawa ukaja umebeba mlima wa pili.

"Inatosha, dada."

"Inatosha?" Fatu akaugeukia umati wa wageni. "Mnasikia, waja wa Mungu? Nimeamka kabla ya jogoo, macho yameniiva kwa moshi, leo huyu niliyembeba mgongoni ananiambia inatosha! Nani aliyekutia maneno? Ayub hakulishi? Au mkono wangu umeoza?"

Zubeida akasimama, akaifunika sahani kwa kiganja.

"Dada Fatu, mkono wako ndio ulionilea, siutukani. Lakini wewe ulikuwepo na mimi nilikuwepo, mguu wa mama ulipofungwa bendeji. Sahani ya kwanza nimeila kwa mapenzi. Hiyo ya pili ni ya kunizika."

Upawa ukaning'inia hewani. Fatu akageuka, akaingia jikoni, na wageni wakadhani anafuata kisu. Alirudi na bakuli kubwa la kachumbari, macho mekundu, na si kwa vitunguu peke yake.

"Basi hii utaimaliza," akasema, akaketi karibu naye, akajipakulia na yeye.

Miezi ikapita, baridi ya Julai ikashuka. Madera ya Zubeida yakaanza kumpwaya mabegani, na kalavati likawa matembezi tu. Asubuhi moja Kagwe, akimenya viazi, akapaza sauti bila ubaya wowote: "Mama Ikhlas! Hiyo mbao italetwa lini?"

Zubeida akaweka chini kijiti cha kupimia kitambaa, akapandisha dera, akalifunga kwa leso. Shakuntala akatoka mbio dukani mwake, vidole vimejaa manjano.

"Usitazame maji, Zubeida! Tazama ng'ambo!"

Cherehani za mafundi wa vibarazani zikanyamaza. Ayub, aliyekuwa akitengeneza mlango wa jirani, akafumba macho, kisha akafumbua moja. Zubeida akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa marobota, akasema bismillahi, akaondoka. Ardhi ya Ruiru ikadunda. Kandambili moja ikabaki njiani kama askari aliyekimbia vita. Akafika ukingoni, akajirusha, na kwa kitambo kidogo mtaro, ule mlaji wa mbao, ukamwona kwa chini pasipo ubao katikati, jambo ambalo halikuwahi kuupata.

Akatua ng'ambo. Vidole kwenye nchi kavu, kisigino cha kushoto kikabusu tope.

"Amevuka!" akalia Ayub.

"Kisigino kimeingia!" akasema fundi mmoja wa cherehani.

"Kisigino si mtu!" akanguruma Shakuntala, na soko likagawanyika makundi mawili, likabishana kwa ndimi kali. Kagwe akatoka kibandani na karatasi iliyojaa chipsi, akainyoosha kwa mikono miwili kama mfalme aliyeshindwa atoavyo ushuru. Zubeida akachagua kipande kimoja, akakitafuna taratibu.

"Chumvi imezidi," akasema.

Hapo ndipo alipotazama ng'ambo akagutuka. Duka lilikuwa kule, yeye alikuwa huku, na mteja, mwanamke wa Mwiki, alikuwa amesimama mlangoni akishikashika vitambaa.

Basi na iwekwe katika kumbukumbu za mji ule, baada ya kuja kwa reli na kabla ya kuzibwa mashimo ya barabara, kwamba Zubeida binti Faki aliuruka mtaro mara ya pili siku ileile. Aliuruka mguu mmoja peku, akatua mbali na tope, safi, visigino vyote viwili, wakati wanahistoria wote wa Ruiru walikuwa wamempa mgongo wakigombania kisigino cha kwanza.

Mwanamke wa Mwiki peke yake ndiye aliyeona.

"Haya," akasema Zubeida, akitweta kidogo tu, akaokota kijiti chake. "Nikupimie yadi ngapi?"