Herufi Zilizolala na Macho ya Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Bango la kupimia macho limetua mezani kwangu. Kwangu, si kwa Rula! Rula ni mpangaji kurasa mwenzangu hapa duka la kuchapia. Tumempa jina hilo kwa sababu hata kucheka hucheka kwa mstari ulionyooka. Daktari wa macho wa mtaa wa pili anataka safu saba za herufi, zinazopungua ukubwa kutoka juu kwenda chini. Bosi kanionya nisilete mambo yangu. Nikasema sawa.

Mambo yangu ni mlazo. Herufi nyembamba zinazoinama kidogo kulia, zenye vijiguu kwenye ncha, kana kwamba kalamu imeinuliwa sasa hivi na wino haujakauka. Nimezichora mwenyewe, miaka miwili. F yangu hushusha mkia chini ya mstari, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole cha mguu. K hurusha mguu. H huukunja wake ndani, kwa haya. Nikizitazama sana nasikia upepo dukani. Na feni ni mbovu tangu Januari.

Jumanne, 4 Machi

Bango zima, mlazo! Tena herufi ndogo tupu. Herufi kubwa hazijui kucheza. Rula alichungulia, akaguna. Eti mlazo ni chumvi: unautia kwenye jina la kitabu, kwenye neno la kigeni, kwenye neno moja unalotaka lisikike. "Hakuna anayekula chumvi kwa kijiko," akasema. Kijicho hicho! Nimelipeleka mwenyewe, nimelitundika mwenyewe, nikamwambia daktari ndiyo mtindo mpya.

Kurudi sikutembea, nilielea. Niliuona mji mzima umeinama kidogo kulia. Nguzo, miti, mapaa, wake kwa waume, wote wanaelekea mahali pazuri.

Jumatano, 5 Machi

Balaa. Mke wangu analia jikoni. Baba yake, dereva wa basi la shule miaka ishirini na sita, asiyewahi kukwaruza hata ukuta, leo alikwenda kupimwa macho kama kila mwaka. Kaanguka! Kasema b penye h, safu baada ya safu. Shule imechukua funguo. Atapimwa tena Ijumaa, akishindwa, basi. Yaani hakuna basi.

Mzee yuko sebuleni kwetu. Ameshika sahani tupu kwa mikono miwili, anaizungusha taratibu. Kulia. Kushoto. Nilitaka kukiri. Nikafungua mdomo, ikatoka: "Baba, nikuongezee chai?"

Alhamisi, 6 Machi

Dawa nimepata! Sikiri ng'o. Namfundisha. Nimeomba ruhusa kazini, nimeleta nakala ya bango, nimemketisha dirishani. Nikamwambia hizi si herufi, ni watu. Huyu aliyekunja mguu kwa haya ni h. Yule aliyeshiba na kufunga tumbo ni b. Mzee akacheka, mara ya kwanza tangu jana. Jua likatembea juu ya karatasi, nasi tukalifuata na viti vyetu mpaka likaisha.

Alipofumba macho akazisema safu zote saba bila kukosa. "Mwanangu," akasema, "kumbe herufi nazo zina mwendo, kama watoto wakishuka garini." Nikasahau kabisa kwamba mkosaji ni mimi.

Ijumaa, 7 Machi

Kumbe Rula alikwenda kwa daktari jana. Kumbe wagonjwa kumi na wanne walikuwa wameshindwa, na daktari, alipojijaribu mwenyewe, akaanza kujiandikia miwani. Rula akamchapia bango jipya, herufi zimesimama wima kama askari. Nani wa kuniambia?

Tumeingia nimemshika mzee mkono. Bango hakulitazama hata kidogo. Alizisema safu saba zangu kwa sauti, kifua mbele. Daktari akageukia ukuta, akamgeukia mzee, akauliza anasoma nini.

"Alichonifundisha mwanangu," mzee akajibu.

Nikakiri, macho kwenye viatu vyangu.

Daktari akamwomba asome kilicho mbele yake. Kasoma mpaka safu ya mwisho, hata jina la duka letu pale pembeni, dogo kama chawa. Funguo atarudishiwa. Mlangoni mzee alinipita, kisha akasimama. "Siku mbili, mkwe. Siku mbili nilijiona kipofu." Taratibu tu. Heri angenipiga.

Jumamosi, 8 Machi

Bosi kaniondoa kwenye kompyuta. Nakata karatasi. Rula kapewa kiti changu, na kwanza kakinyoosha. Nimemwapia mke wangu, mkono juu: mlazo siugusi tena maishani.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeelewa! Kosa halikuwa mlazo. Kosa ni kwamba ulilalia kulia. Ukilalia kushoto, h na b hawatafanana kabisa.

Saa nne kaingia ofisa wa zimamoto. Rula alikuwa amefuata wino, bosi yuko kwenye simu. Ofisa anataka maelekezo ya kutoka jengo likishika moto, nakala mia tatu, za kubandika kila ghorofa. Nimeipokea karatasi yake kwa mikono miwili. Tayari naziona herufi zikishuka ngazi, moja nyuma ya nyingine, polepole, pindo zikipepea.

Nani asiyependa kutoka motoni kwa madaha?