Uzinduzi wa Gemu la "Njoo Kesho"

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa kuwa hakufika nimekaimu nafasi yake mimi mwenyewe, mkuu wa idara hii, hivyo najisalimu kwa heshima zote ninazostahili. Ndugu Naibu wangu, Ndugu Kaimu Naibu na Ndugu Msaidizi wa Kaimu. Mshauri Mwelekezi wa Mradi, ambaye pia ni mke wangu. Mashemeji zangu watatu wa Kamati Huru ya Tathmini. Waheshimiwa mliokaa kwenye viti vya kitambaa, wapendwa mliokaa kwenye viti vya plastiki, na ninyi wananchi mliosimama: nadhani hapo sijamsahau mtu mwenye cheo. (Makofi kutoka viti vya kitambaa.)

Kipekee kabisa niwatambue dada zetu, mafundi cherehani kumi na tisa, ambao miaka miwili iliyopita walitupisha kwa moyo mkunjufu kile chumba kikubwa nyuma ya ukuta huu, ili kiwe studio ya mradi, wao wakahamia barazani na mashine zao. ("Hatukupisha, tulitolewa." Ni mama mwenyekiti wa mafundi, mwenye tepu ya kupimia shingoni.) Ahsante, mama, kwa masahihisho. Walitolewa kwa moyo mkunjufu.

Ndugu zangu, dunia imehama. Wenzetu wana gemu za kupigana na mazimwi. Sisi, baada ya upembuzi yakinifu, warsha kumi na moja na semina elekezi iliyokuwa ndefu kuliko warsha zote, tumekuja na gemu la kidijitali la kuigiza wahusika, ambamo mchezaji anakuwa mwananchi mwenye shida moja ndogo, anaingia ofisini, na kwa kutumia stratejia, kapasiti na miguu yake mwenyewe anapanda levo kwa levo, kutoka dirisha namba moja mpaka dirisha namba kumi na nne, ambalo limefungwa. Ni gemu la kejeli, tena kejeli juu yetu sisi wenyewe, maana idara iliyokomaa haiogopi kuchekwa, ilimradi kicheko kipitie kwangu kwanza nikiidhinishe.

Mtauliza, utani wote huu mtamu mmeutoa wapi? Hatukuagiza nje. Kwa kuzingatia sera ya malighafi ya ndani, Kitengo cha Utani kilifungua sanduku la malalamiko, ambalo halikuwa limefunguliwa tangu lipigiliwe ukutani, kikakuta barua mia nne na kumi na mbili. Mimi binafsi nilicheka mpaka nikaomba maji. Sikilizeni hii, ipo levo ya pili: "Mheshimiwa, hii ni barua yangu ya saba. Ile ya sita, niliyoikabidhi dirishani, mliniambia imepotea, lakini nilipokuja niliikuta imefunika chai ya karani isipoe, nikashukuru kwamba angalau mmoja wetu amepata kazi hapa." (Kicheko ukumbi mzima.) Mnaona mambo hayo? Na levo ya tano: "Mvua ikinyesha barazani tunafunika mashine kwa sare za wanafunzi, halafu tunawaambia wazazi kwamba siku hizi sare tunazitoa zikiwa zimeshafuliwa." (Kicheko tena. Mama mwenyekiti hacheki. "Hizo barua zote mbili ni zangu," anasema. "Sikuandika ili watu wacheke, niliomba chumba. Tulikuwa tunashonea shule tatu, sasa imebaki moja, na hiyo moja imesema kazi ikilowa tena basi. Mvua inaanza wiki ijayo. Ikitukuta pale barazani, kumi na tisa wote tunakwenda nyumbani kukaa.")

Mama yangu, hongera sana, wewe ni msanii na ulikuwa hujijui. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na sisi tutakutunza: jina lako litaonekana mwishoni kabisa mwa gemu, kwa herufi ndogo, likishapitishwa na Kamati ya Majina.

Sasa niligusie hili la gazeti. Kuna mkosoaji mmoja wa gemu ameandika kwamba "Njoo Kesho" lina utani mzuri lakini uchezaji wake ni dhaifu. Sina kinyongo naye. Tulimpa kijitabu cha utani, akasoma, akacheka mpaka akashika mbavu; kisha tukamkalisha mbele ya skrini kwa saa tatu, na yeye akaenda kuandika kwamba alibonyeza kila kitufe na hakuna kilichotokea. Nauliza, ninyi mkienda ofisini huwa mnabonyeza nini kikatokea? (Kicheko.) Huo si udhaifu, ni uhalisia. Mhusika wetu haruki kwa sababu kuruka bado kunajadiliwa. Hakimbii kwa sababu haraka haraka haina baraka. Na takwimu haziongopi: asilimia tisini na sita ya waliojaribu gemu hili walisema hali hiyo wameshaizoea, na asilimia nne iliyobaki bado ipo kwenye foleni. (Fundi umeme, aliyefunga vipaza sauti, ananyoosha mkono: "Mzee, hiyo skrini mbona haina waya?") Ndugu yangu, teknolojia ya leo haitumii waya. Kaa chini.

Kabla sijashuka jukwaani, kaulimbiu. Nikisema "Gemu letu", ninyi mnaitikia "Fahari yetu". Gemu letu! ("Chumba chetu," wanaitikia mafundi.) Mmekaribia. Gemu letu! ("Chumba chetu.") Sawa, tutaandaa semina ya kaulimbiu.

Namalizia kwa shukrani. Nawashukuru wahandisi wa gemu hili, ambao tutawaajiri mara tangazo likishatoka. Naishukuru kompyuta, ambayo zabuni yake imeahirishwa mara tano. Namshukuru aliyechora kasha hili zuri nililoshika, ambalo ndani yake, kwa sababu za usalama wa mtandao, hamna kitu. Na wewe mama mwenyekiti, nisikuache bila jibu, maana mimi si kiongozi wa kukwepa. Utaratibu unasema chumba kilichochukuliwa kwa ajili ya mradi kitarudishwa mradi ukikamilika. Mradi huu, nasema kwa unyenyekevu mkubwa, haukuwahi kuanza. Na mradi ambao haukuanza hauwezi kukamilika, labda nivunje sheria, na mimi tangu nizaliwe sijavunja sheria. Mle ndani hakuna mtu, hakuna kitu, na ufunguo ninao mfukoni. (Mama mwenyekiti anasimama. Wenzake kumi na wanane wanasimama naye. Anainama kwa fundi umeme, anapokea nyundo, na wote wanatoka.) Naona dada zetu wameguswa, wanakwenda kutafakari. Wapisheni njia. Hayo ndiyo tunayaita maendeleo shirikishi. (Kutoka upande wa pili wa ukuta nyundo inagonga chuma, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kufuli linaanguka sakafuni. Mashine ya kwanza inaanza kuburutwa.)

Nawasikia, ndugu zangu, nawasikia mnavyonipigia makofi hata huko nje. Ahsanteni sana.