Tufe Langu Kwenye Pipa

Jumapili, 16 Juni 1996

Baba mkwe anakuja. Mzee Apolinari, kutoka Mahenge, kwa sikukuu ya Petro na Paulo, wasimamizi wa parokia yetu. Hilo peke yake lisingeninyima usingizi. Tatizo ni majaruba yake ya mpunga, upande wetu wa mto. Udongo mweusi, maji hayakauki, na wali wake jirani anaunusa akiwa kwake. Mzee amechoka kuvuka mto kila msimu. Ametuma salamu kwamba sasa atamwachia mkwe mmoja, yule mwenye mkono uliotulia. Na mkono atautazama kwenye kegeli.

Kegeli ni mchezo alioleta bruda wa misheni zamani. Unavingirisha tufe la mti kwenye njia ya mbao, mwisho kuna visiki tisa, unaviangusha. Mzee alipokuwa kijana ndiye aliyekuwa akivisimamisha visiki hivyo. Tangu hapo anapima watu kwa kegeli tu. Dativa aliniambia hata mimi nilipimwa kabla ya posa. Nilipita kwa sababu mvua ilinyesha mchezo ukaahirishwa.

Wakwe tuko wawili. Mimi Deogratias, mume wa Dativa. Na mwanyumba wangu Jofrey, aliyemwoa Wilhelmina, dada yake Dativa. Jofrey ana tufe lake mwenyewe, la mpingo. Mimi natumia yale ya misheni, yenye matundu ya vidole ambamo panya anaweza kulala na familia.

Nimeamua. Kesho kwa Fundi Fridolin, mchonga matufe. Nitalikamua duka lile mpaka tone la mwisho.

Jumatatu, 17 Juni

Nimefika dukani kwake Mlabani mapema. Kibao mlangoni: MATUFE, VISIKI, VITANDA NA MAJENEZA. Nikamwamkia, nikausifia mlango, nikausifia ubao wa kibao, nikasifia jeneza lililokuwa pale. Fundi anapenda sifa kuliko chai. Aliongea mpaka jua likatuhamisha upande wa pili wa duka. Nilitaka siri za tufe la Jofrey, sikupata hata moja, ila sasa najua habari zote za nyonga ya Fundi.

Alinikandamiza mkono kwenye udongo wa mfinyanzi ili apate vipimo vya vidole. Nikasema nataka mpingo, zito kuliko la Jofrey. Akakishika kiganja changu, akakitikisa, akasema mkono huu umezoea kuamuru wabeba magunia, si kubeba. Nitatengenezewa mninga, mwepesi. Nikabisha. Akarudi kwenye habari za nyonga. Nikakubali mninga.

Kumbe kila anayenunua tufe hupewa na masomo bure, asubuhi tatu kwenye njia ya misheni, Fundi akiwa kando. Nikamwambia mimi si mtoto wa komunyo ya kwanza. Badala ya masomo anipe nta. Akanipa kopo zima. Mtu asiyejua biashara ni rahisi sana.

Jumatano, 19 Juni

Tufe limekuja! Jekundu, laini, linang'aa. Nimelilaza kitandani upande wangu. Dativa ameuliza yeye atalala na nani.

Jioni Jofrey kapita na mkewe, eti kusalimia. Akalinyanyua kwa vidole viwili akauliza kama ni la mtoto. Wilhelmina akacheka. Dativa naye, mke wangu wa ndoa, akacheka.

Nimeumia. Lakini nimekaa kwenye mchele miaka mingi. Mtu wa Ifakara anafundishwa na nani kuongeza uzito? Wapo watu hapa mjini, simtaji yeyote, gunia lao likilala karibu na maji usiku mmoja, asubuhi mizani inaheshimu. Mti nao unakunywa.

Alhamisi, 20 Juni

Limeingia kwenye pipa la maji nyuma ya nyumba. Linaelea. Nimelisukuma, linarudi juu na kunitazama. Mwisho nimelikandamiza kwa jiwe. Limetulia.

Dativa anatafuta jiwe lake la kusagia. Nimemsaidia kutafuta.

Jumapili, 23 Juni

Nimelitoa baada ya misa. Zito! Nilipolishusha, kuku walikimbia. Shida ndogo tu, matundu yamebana, vidole vinaingia hadi kucha.

Hapo ndipo mtu mwenye akili anafaidi duka. Fundi hukwangua matundu bure kwa kila tufe alilouza. Nikampelekea, nikasema vidole vimenenepa kwa mapishi ya Dativa. Akalinusa tufe. Akasema vidole vyangu vinanuka pipa. Akakwangua, akaniambia nilianike kivulini nisiliguse wiki nzima, na bado niende masomoni. Nikamwomba kopo la pili la nta. Amenipa.

Jumanne, 25 Juni

Msiba. Tufe limekauka na kupasuka, ufa unapita kati ya matundu. Nilikwenda dukani mbio, Fundi amepanda treni kwenda Mlimba, huko kuna mtu anataka visiki vipya. Kurudi mpaka sikukuu.

Nimejaza ufa kwa wali wa jana uliopondwa, nikapaka nta juu. Kisha nikafikiri: kama lilipasuka kwa kukauka, basi lisikauke. Nimelirudisha kwenye pipa. Litakaa humo mpaka dakika yenyewe. Sijui kwa nini watu wanasomea useremala.

Ijumaa, 28 Juni

Mzee amefika na kivuko cha mchana. Jofrey alikuwa kwenye gati kabla ya kivuko chenyewe. Kachukua begi, kachukua fimbo, kachukua na kuku wa zawadi. Mimi nimebakiwa na kofia. Nimeibeba kwa mikono miwili.

Tukampa shikamoo pamoja. Alimwitikia Jofrey kwanza. Akaniuliza tufe langu liko wapi, nikasema linapumzika. Akasema vizuri, kitu cha kazi kipumzike. Nitalala na furaha.

Jioni hii nilipita misheni na lile kopo la pili. Nimeipaka njia yote nta, mwanzo mpaka mwisho. Tufe zito kwenye njia laini, nani atalizuia?

Jumamosi, 29 Juni

Naandika kwa mkono wa kushoto.

Baada ya misa watu wote walikuja kwenye njia. Mzee alikalishwa kiti cha mbele, kofia kichwani, naye Dativa kando yake. Jofrey akaanza. Ameangusha visiki sita. Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika, na mimi nikaona majaruba yananiondokea.

Nikaenda kulichukua tufe kwenye ndoo ya maji niliyolibebea, nikalifuta na khanga. Matundu yalikuwa yamebana kuliko mwanzo. Nikapaka vidole nta, nikasukuma. Vikaingia hadi mwisho. Nikashukuru Mungu.

Nikakimbia, nikarusha. Tufe lilikwenda. Tatizo ni kwamba halikuniacha, tukaenda wote. Kwa nta ile sikuwa na breki. Nimepita kwa tumbo njia nzima, tufe mbele, mimi nyuma, na visiki vikaanguka vyote tisa. Tisa! Katika maisha yangu sijawahi kuzidi vitatu.

Jofrey akasema haihesabiki, vingine vimeangushwa na kichwa. Mzee alikuwa anacheka, ameshikwa na watu wawili asianguke kitini.

Na mkono bado umo ndani ya tufe. Valentino, katekista wetu, akavuta. Jofrey akavuta, na yeye alivuta kwa furaha. Fundi Fridolin, aliyerudi asubuhi ile na treni, akaniambia mbele ya kila mtu kwamba somo la kwanza, siku ya kwanza, huwa ni jinsi ya kuachia. Kisha akaenda kutafuta msumeno. Hapo niliogopa kweli. Nilidhani vidole vyangu vinabaki kwenye tufe na mimi nazikwa bila hivyo.

Dativa akaja na sabuni ya kipande na bakuli la mafuta. Hakuvuta. Alikaa chini na mimi, akawa anapaka, anazungusha kidogo, anangoja. Akaniambia taratibu, Deo, acha kukaza. Alinisimulia bei ya vitunguu mpaka nikasahau kukaza. Kimoja kikatoka, kisha kingine, kisha vyote. Fundi aliporudi na msumeno alikuta tufe limepasuka lenyewe vipande viwili na kuku wanadonoa wali.

Mzee aliacha kucheka. Alikuwa anamtazama binti yake.

Jumapili, 30 Juni

Baada ya chai Mzee katuita wote. Akasema amekuja kutafuta mkono uliotulia na ameuona. Majaruba anampa Dativa. Si mimi, si Jofrey. Dativa mwenyewe, na mwenyekiti wa kijiji ataambiwa hivyo. Dativa alipiga magoti kumshukuru baba yake, machozi yakamtoka, na mimi, sijui kwa nini, yakanitoka pia.

Jofrey kaiweka chini fimbo ya Mzee aliyokuwa kaishikilia tangu gatini. Nimeifurahia siku hii.

Ukiangalia vizuri, nimeshinda. Shamba liko ndani ya nyumba yangu. Kama nisingenasa, Dativa angeonyeshaje mkono wake? Mpango ulikuwa wangu kuanzia pipa. Nilimweleza hivyo. Akanionyesha jembe.

Jumatatu, 1 Julai

Mzee amevuka. Gatini alisema sikukuu ya mwakani atarudi, na baiskeli yake bado hajasema atamwachia nani. Jofrey alisikia. Mimi nilisikia kwanza.

Nimepita kwa Fundi kuagiza tufe jipya. Akasema safari hii masomo kwanza, tufe baadaye. Tumebishana, nikamsikiliza habari za nyonga yote, na ile ya pili, mwisho amechoka yeye. Amenipa tufe la majaribio, la mninga, na kopo la nta.

Nimekaa kufikiri kosa lilikuwa wapi. Ni siku tu. Tufe halikukaa majini siku za kutosha, ndiyo maana likawa na hasira. Hili litakaa mpaka liive.

Linaelea kidogo, lakini nimelituliza. Dativa yuko jikoni, anauliza nani kachukua jiwe lake la kusagia. Ngoja nikamsaidie kutafuta.